Shule ya Wasichana Iliyokataa Ruzuku

(Mazungumzo mbele ya akina mama na akina baba waliomaliza kisomo)



Leo hatukuja na habari za mbolea wala za kuchemsha maji ya kunywa. Tumeombwa tuzungumze jambo linalobishaniwa sana vibarazani: msichana wa Kiislamu akimaliza shule ya msingi, aende wapi? Wapo wazazi wanaosema, "Sekondari ni mbali, mwanangu akikaa huko atasahau dini." Wapo wanaosema, "Chuo cha Kurani kinatosha, huyu kesho ataolewa." Na wapo wanaosema bora tuanzishe shule yetu wenyewe, ya wasichana watupu, dini na elimu ya dunia pamoja, isiyongoja fungu la serikali.

Hawa wa tatu wakisema hivyo, maswali huwaangukia kama mvua. Fedha zitoke wapi? Walimu watoke wapi? Na nani hasa atakuwa mwenye shule? Hapo wengi hunyamaza.

Sisi tumeona kubishana tu hakutoshi. Ipo shule moja iliyoulizwa maswali hayo hayo zaidi ya miaka 100 iliyopita, ikayajibu kwa vitendo, na hadi leo ipo. Haiko kwetu. Iko ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika nchi ya Indonesia. Mtu akitoka Pangani kwa chombo, akaelekea linakochomoza jua, akavuka bahari yote, atakuta kisiwa kikubwa sana kiitwacho Sumatra. Huko, magharibi ya kisiwa, karibu na mstari wa Ikweta, upo mji wa milimani unaoitwa Padang Panjang. Jina hilo maana yake ni uwanja mrefu. Ni mji wa mvua na baridi, na mmoja wa milima iliyo karibu nao ni volkano, unaitwa Marapi.

Watu wa huko ni Waminangkabau. Ni Waislamu hodari, na wanafuata ukoo wa mama. Nyumba na mashamba ya mpunga ya ukoo hurithiwa kupitia kwa wanawake. Msishangae. Hata kwetu upande wa kusini, Wayao, Wamakua na Wamwera wanahesabu ukoo kwa mama, na wengi wao ni Waislamu. Basi mwanamke wa Kiminangkabau alikuwa na nyumba na alikuwa na shamba. Alichokosa ni elimu. Siku zile nchi ilitawaliwa na Waholanzi. Shule za serikali zilikuwa chache, hazikufundisha dini, na wasichana waliozipata walikuwa wachache zaidi. Elimu ya dini ilisomwa misikitini kwa masheikh, na wasomaji karibu wote wanaume.

Sasa sikilizeni habari za mwanamke mmoja. Jina lake Rahmah El Yunusiyyah. Alizaliwa mwaka 1900 hapo hapo Padang Panjang. Baba yake, Sheikh Muhammad Yunus, alikuwa mwanachuoni, lakini alifariki Rahmah akiwa bado mtoto mdogo. Kusoma na kuandika alifundishwa na kaka zake nyumbani. Akaolewa akiwa na miaka 16, kama walivyoolewa wasichana wengi wa siku zile. Ndoa ile haikudumu. Mwaka 1922 waliachana. Basi tusidhani huyu alikuwa mtu aliyelelewa katika raha na vitabu. Alikuwa kama nyinyi mnaotusikiliza.

Kaka yake mkubwa, Zainuddin Labay, mwaka 1915 alifungua shule ya dini ya namna mpya. Wanafunzi walikaa madarasani, wakafundishwa kwa vitabu, na pamoja na dini walisoma hesabu, historia na jiografia. Tena wavulana na wasichana walisoma pamoja. Kwa wakati ule lilikuwa jambo la ushujaa. Rahmah naye akasoma hapo.

Lakini aliona kasoro, na kasoro yenyewe tutaitaja waziwazi maana hapa tuko watu wazima. Katika fikihi yapo mambo ya mwanamke. Hedhi, nifasi, kuoga janaba, kunyonyesha, haki za mke, eda. Mambo haya ni dini, si mzaha. Mwanamke asipoyajua, hata sala yake haijui kama imetimia. Sasa mwalimu ni mwanamume, na darasani wamejaa wavulana. Mwalimu anapita juu juu, msichana anainamisha kichwa, kengele inalia. Msichana anatoka na swali lake lile lile aliloingia nalo. Rahmah alisema haya hayawezi kuondoka mpaka wapatikane walimu wanawake, na walimu wanawake hawawezi kupatikana mpaka wasichana wawe na shule yao.

Angalieni hapo. Wengi hufikiri shule ya wasichana watupu ni ya kuwaficha. Kwa Rahmah ilikuwa ni ya kuwafungua midomo.

Yeye mwenyewe hakuridhika na alichokipata shuleni. Pamoja na wenzake wachache alikwenda kusoma kwa mwanachuoni maarufu wa huko, Haji Abdul Karim Amrullah. Basi alipofungua shule hakuwa mtu wa kubahatisha.

Shule ilifunguliwa tarehe 1 Novemba, 1923. Ikaitwa Diniyyah Puteri, yaani shule ya dini ya wasichana. Jengo? Hapakuwa na jengo. Walianzia ndani ya msikiti wa mtaa wa Pasar Usang. Viti? Hapakuwa na viti. Walikaa chini, wamemzunguka mwalimu. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 71, na wengi wao hawakuwa wasichana wadogo, ila wake za watu, akina mama vijana. Mwalimu mwenyewe alikuwa na umri wa karibu miaka 23.

Wapo waliocheka. Mwanamke atafundishaje? Atatoka nyumbani kila siku, nani atapika? Maneno haya mnayajua, hatuna haja ya kuyarudia yote. Baya zaidi lilikuja mwaka uliofuata, 1924, kaka yake Zainuddin Labay alipofariki. Yeye ndiye aliyekuwa nguzo, na watu walidhani shule ya dada itamfuata kaburini. Haikumfuata. Mwaka ule ule walihama msikitini wakaingia katika nyumba iliyokuwa karibu, wakapata madawati na ubao, wakaanzisha bweni kwa wanaotoka mbali.

Sasa tumefika mahali panapotuhusu sisi wa kisomo hasa. Rahmah aliona wasichana wanakuja, lakini mama zao na shangazi zao wamebaki nyuma, hawajui hata herufi moja. Akawafungulia darasa lao la watu wazima, wajifunze kusoma na kuandika. Darasa lile liliitwa Menyesal. Kwa lugha yao kumenyesal ni kujuta. Shule ya Majuto! Yaani ni shule ya wale wanaojuta kwamba siku zao zilipita bila kusoma. Wakaja zaidi ya 100. Sisi jina hilo tunalipenda na hatulipendi. Tunalipenda kwa kuwa linasema kweli. Ni nani kati yetu hakuwahi kujuta, akiwa ameshika barua ya mwanawe mkononi na hana wa kumsomea? Hatulipendi kwa kuwa majuto humfanya mtu aone haya, na mwenye haya huchelewa kujiandikisha. Hata hivyo akina mama wale walikuja.

Darasa lile halikukaa. Tarehe 28 Juni, 1926, tetemeko kubwa la ardhi liliupiga mji wa Padang Panjang. Nyumba zilianguka, mamia ya watu wakafa katika eneo lile. Shule ya Rahmah ilianguka pamoja na bweni. Kazi ya miaka mitatu ikawa kifusi, na Shule ya Majuto ikaishia hapo.

Mngefanya nini? Rahmah alitafuta mianzi. Vikajengwa vibanda, na baada ya wiki chache wanafunzi wakarudi kusoma ndani ya vibanda hivyo. Halafu akaanza safari za kutafuta fedha. Alizunguka Sumatra, akafika Aceh, akavuka mpaka nchi ya Malaya, ambayo leo ni Malaysia. Hakwenda na kikombe cha kuomba tu. Alifundisha alikopita, na watu wakichanga wanajua wanachangia nini. Ninyi mliowahi kupitisha daftari la mchango wa zahanati mnajua kazi hiyo ilivyo. Hapa unapata, pale unaahidiwa, pale pengine mwenye nyumba yuko ndani na mtoto anatumwa aseme katoka. Mwishowe fedha zilipatikana na jengo la kudumu likasimama.

Katika shida ile ndipo mambo mawili yalipotokea, nayo ndiyo yaliyotufanya tuichague shule hii.

La kwanza. Wanaume wa shule za dini za jirani walijitolea kumsaidia kubeba mzigo. Walikuwa watu wema, ndugu zake katika dini. Rahmah aliwashukuru, akakataa. Alitaka wanawake wajaribu kwanza wenyewe. Kama hili ni kiburi au ni busara, watu wa wakati ule walibishana, na leo pia mnaweza kubishana. Sisi tunaona hivi: laiti shule ingejengwa na wanaume siku ile, kamati ingekuwa ya wanaume siku ya pili, na siku ya tatu wangeanza kuuliza kwa nini wasichana wanafundishwa hiki na si kile. Si kwa ubaya. Ndivyo ilivyo tu. Anayepika ndiye anayeonja chumvi.

La pili ni kubwa zaidi. Serikali ya Waholanzi ilimwambia iko tayari kumpa ruzuku. Ruzuku ni fedha za serikali za kuisaidia shule kila mwaka. Sharti lake ni kwamba shule iwe chini ya uangalizi wa serikali. Hebu fikirini. Mtu jengo lake limeanguka, wanafunzi wamekaa kwenye mianzi, na mtawala anamnyoshea mkono wenye fedha. Rahmah akakataa. Wahenga wetu wamesema nguo ya kuazima haisitiri matako. Tunaomba radhi kwa wazee waliopo, lakini methali ni methali.

Msituelewe vibaya. Hatusemi serikali ikitoa madawati myatupe. Serikali ile ilikuwa ya kikoloni, haikuchaguliwa na wananchi, na haikutaka Waislamu wajue mengi. Tofauti hiyo ni kubwa. Tunachosema ni kwamba Rahmah aliuliza kila fedha imekuja na nini nyuma yake. Swali hilo linafaa kuulizwa hata kwa mfadhili mwenye kanzu nyeupe anayetoka mbali na kusema, "Nitawajengeeni, lakini mtaala ninao mfukoni."

Kwamba hakuwa anaota, ilionekana mwaka 1932. Waholanzi walitoa amri juu ya shule za watu binafsi zisizopata ruzuku. Wao waliziita shule za porini, kama vile wanafunzi ni nguruwe mwitu! Amri ilisema mwalimu wa shule hizo lazima kwanza apate kibali cha serikali ndipo afundishe. Maana yake mwalimu asiyependwa na mtawala atafungiwa mlango. Nchi nzima ilipiga kelele, Waislamu na wasio Waislamu. Huko kisiwa cha Java mwalimu Ki Hajar Dewantara, aliyeanzisha shule za Taman Siswa, aliongoza upinzani. Padang Panjang nako Rahmah alikuwa mbele kabisa. Mwaka 1933 Waholanzi wakairudisha nyuma amri yao. Ni mara chache mkoloni alirudi nyuma namna hiyo.

Lakini msifikiri ndani ya shule kulikuwa shwari. Alikuwepo mwalimu kijana jina lake Rasuna Said, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo wa moto. Rasuna alitaka wasichana wafundishwe siasa darasani. Kwa maoni yake, msichana anayejua kusali lakini hajui kwa nini nchi yake inatawaliwa na wageni, elimu yake ni nusu. Rahmah alikataa. Alisema wanafunzi kwanza washike dini na elimu, wakikomaa watajichagulia wenyewe njia. Shule isifungwe kwenye kamba ya chama chochote. Hawakukubaliana, na mwaka 1930 Rasuna akaondoka. Mwaka 1932 alikamatwa na Waholanzi kwa ajili ya hotuba yake, akafungwa gerezani zaidi ya mwaka mmoja. Leo Indonesia inamhesabu kuwa shujaa wa taifa. Alipewa heshima hiyo mwaka 1974.

Nani alikuwa na haki? Sisi wenyewe tulipokuwa tunaandaa mazungumzo haya tulibishana mpaka chai ikapoa. Wengine wetu wako na Rasuna. Mkate bila uhuru ni mkate wa mfungwa, wanasema. Lakini tazameni lililotokea. Shule za wanaume za Sumatra Thawalib, za mji ule ule, zilijiingiza sana katika chama. Mwaka 1933 Waholanzi waliwakamata viongozi wa chama hicho, wakawapeleka uhamishoni Boven Digul, mbali kabisa huko Papua, na shule zile zikadhoofika sana. Shule ya wasichana ikabaki wima. Kwa hiyo walio wengi kati yetu wanasema Rahmah alijua anachokilinda. Shule ni kama mche; huwezi kuutumia kama rungu na papo hapo ungoje matunda.

Turudi kwenye swali la walimu, maana ndilo gumu kuliko la majengo. Mwaka 1935 Rahmah alifungua matawi mpaka Jakarta, mji ambao Waholanzi waliuita Batavia. Matawi yanataka walimu. Mwaka 1937 akaanzisha chuo cha ualimu cha wanawake cha miaka 3, kwa Kiarabu Kulliyatul Muallimat. Hapo mzunguko ukakamilika: msichana anaingia mwanafunzi, anatoka mwalimu, anarudi kwao na kufungua darasa lake. Shule haikuhitaji tena kuazima mwalimu wa kiume aeleze habari za nifasi.

Na walisoma nini? Kurani, fikihi, Kiarabu, ndiyo. Lakini pia historia, jiografia, afya, upishi na malezi, mazoezi ya viungo, na kufuma nguo kwa mitambo ya mkono. Rahmah mwenyewe alijifunza ukunga kwa madaktari, akapata cheti chake. Kumbukeni watu wa zamani walivyosema: mwanamke anayejua kusoma ataandika barua za mapenzi. Wale walijifunza kuzalisha wenzao wasife.

Kazi ya mikono hiyo ilionekana wakati wa vita. Wajapani waliiteka nchi mwaka 1942 wakakaa mpaka 1945. Walikuwa wakiwachukua wanawake kwa nguvu wawe wa kuwastarehesha askari. Rahmah na akina mama wenzake walipinga jambo hilo mbele ya Wajapani wenyewe, wakati ambapo kumtazama tu Mjapani vibaya kulikuwa hatari. Mwaka 1944, na tena 1945, ajali kubwa za treni zilitokea Padang Panjang. Shule ikageuzwa hospitali ya dharura, majeruhi wakalazwa madarasani.

Uhuru wa Indonesia ulipotangazwa Agosti 1945, Rahmah alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa mji ule kupandisha bendera, na aliipandisha uwanjani pa shule. Akasaidia kuunda jeshi la wananchi. Waholanzi waliporudi kutaka koloni yao, walimkamata Januari 1949. Mwaka 1955 alichaguliwa mbunge. Mnaona? Yule aliyekataa siasa darasani hakuikataa nje ya darasa.

Na hapa lazima tuseme upande wa pili, tusije tukamfanya malaika. Mwaka 1958 viongozi wengi wa Sumatra waligombana na serikali kuu, ukatokea uasi. Rahmah akawaunga mkono waasi, akaingia msituni. Alirudi mwaka 1961. Miaka hiyo shule ilipata taabu, maana mwenye shule hayupo. Ile kamba ya siasa aliyoikwepa miaka ya 1930 ilimfunga mwenyewe akiwa mtu mzima wa karibu miaka 60. Shule inayomtegemea mtu mmoja ina hatari yake, hata mtu huyo awe hodari namna gani. Wenye mpango wa kuanzisha shule waliandike hilo kwenye daftari.

Tumebakisha jambo moja, na ni tamu. Mnajua Al-Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Kairo, chenye miaka zaidi ya 1,000. Karne zote hizo kilikuwa cha wanaume. Mwaka 1955 mkuu wake, Sheikh Abdurrahman Taj, alitembelea Indonesia, akafika hadi Padang Panjang. Akaingia shule ya Rahmah. Akaona wasichana wanasoma fikihi na Kiarabu, wanafundishwa na wanawake, katika shule iliyojengwa na wanawake. Mwaka 1957 Rahmah alikwenda kuhiji, na baada ya hapo akaalikwa Kairo. Al-Azhar ikampa cheo cha Sheikha, ambacho haikuwahi kumpa mwanamke kabla yake. Miaka michache baadaye, mwaka 1962, Al-Azhar ikafungua kitivo cha wasichana. Wahitimu wa Diniyyah Puteri wakawa wanakwenda kusoma huko. Msikiti mdogo wa milimani ulikuwa umekitangulia chuo kikuu kwa karibu miaka 40.

Rahmah alifariki Februari 1969, Padang Panjang. Miaka miwili tu kabla ya hapo alikuwa amefungua elimu ya juu hapo hapo, ili msichana asiondoke na cheti cha sekondari pekee. Uongozi ulishikwa na mwanamke mwingine wa ukoo wake, na baada yake wanawake wengine, hadi leo. Shule ina watoto wa chekechea hadi wanachuo. Tarehe 10 Novemba, 2025, serikali ya Indonesia ilimtangaza Rahmah kuwa shujaa wa taifa, kama ilivyomtangaza Rasuna miaka 51 nyuma yake. Wawili waliogombana wamekutana kwenye orodha moja.

Mmoja wa wanafunzi wake alitoka Malaya. Alikuwa msichana mdogo alipovushwa bahari kwenda Padang Panjang miaka ya 1930, maana kwao shule ya namna ile haikuwepo. Jina lake Aishah Ghani. Baadaye akawa waziri wa ustawi wa jamii wa Malaysia, tangu 1973 hadi 1984. Fikirini baba yake alivyoambiwa na majirani siku anamsindikiza binti yake bandarini! Hatuna barua yao, lakini maneno ya majirani tunayajua. Ni yale yale ya hapa kijijini.

Sasa zile fedha. Tunajua mtatuuliza mchango uwe kiasi gani kwa kaya, na kama wasiokuwa Waislamu hapa kijijini watoe au wasitoe, na kama watoto wao wa kike watapokelewa. Haya hatukuja na majibu yake kutoka Sumatra. Ni ya kuamuliwa na mkutano wenyewe, akina mama wakiwa wamekaa mbele na si dirishani. Daftari la walimu wanawake tulilonalo hapa wilayani tumelileta, mtaliona. Ni fupi.

Sisi tumemaliza. Yule bibi aliyenyosha mkono tangu tulipotaja habari za hedhi, tafadhali asimame aulize, na akina baba wanyamaze wamsikilize.